Kanisani Mna Nini? Uchoraji na Hewa ya Ndani ya Makanisa ya Bonde la Ufa

Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake, walinena wahenga. Methali hii nimeichukua iwe kizingiti cha makala haya kwa sababu inahusu kulala, na inahusu ndani, na mambo hayo mawili yatakutana mbele. Ninakusudia kuzungumzia suala ambalo halijapewa nafasi kubwa katika kurasa za jarida hili, nalo ni namna mchoraji anavyoweza kuitia katika picha hewa ya ndani ya kanisa. Sizungumzii picha za watakatifu zinazotundikwa ukutani. Ninazungumzia chumba chenyewe, mwanga unavyoingia, kivuli kinavyolala sakafuni, na kile kinachomfanya mtu ashushe sauti hata kama hamna mwingine wa kumsikia. Dai langu ni kwamba wachoraji wa Nakuru na viunga vyake wamelipita jambo hili kando, na kwamba atakayelishika hana ruhusa ya kutuchorea utulivu mtupu. Makanisa ya kwetu yamebeba mambo mengine.

Tuanze na lugha, maana sisi ni wanafunzi wa lugha kabla ya kuwa wahakiki wa rangi. Mwombe mtu akutajie kwa Kiswahili kile kinachomjia anapovuka mlango wa kanisa, naye atababaika. Atasema "hali ya hewa", na hapo atakuwa amezungumzia mvua. Atasema "mandhari", ilhali neno hilo tumelizoea kwa milima na maziwa. "Haiba" ni ya mtu. "Taswira" tumeifungia katika uhakiki wa ushairi, ingawa katika Kiarabu ilikotoka inahusu kuchora na kufanya sura. Mimi nimeamua kutumia "hewa ya ndani", na aliye na neno bora zaidi alilete.

Lakini pale msamiati unapotupungukia, sarufi inatufaa. Ngeli ya mahali ina viambishi vitatu, na kila mmoja wetu alivikariri katika shule ya upili: kanisani pana watu, kanisani kuna watu, kanisani mna watu. Pa ni mahali mahususi, ku ni mahali pasipo mipaka dhahiri, mu ni ndani. Katika mazungumzo ya kila siku ya Nakuru tumeviacha viwili, kila kitu ni "kuna", na sidhani kama tumetambua hasara yake. Mchoraji anayesimama barabarani akachora mnara na msalaba wake anachora pa. Anayechora kijiji kizima, kanisa likiwa doa jeupe kati ya mahindi, anachora ku. Mu ni kazi tofauti kabisa, kwa kuwa mle mchoraji mwenyewe amezungukwa. Hana mahali pa kusimama nje ya kile anachokichora.

Eneo letu halina uhaba wa picha. Ukishuka kutoka Limuru kuelekea Naivasha, kwenye vituo vya kutazamia bonde, utakuta vibanda vya sanaa na ndani yake twiga, tembo, morani wakiruka, na Mlima Longonot wakati wa machweo. Ukifika Nakuru utaongezewa heroe. (Heroe hao wanaendelea kuchorwa kwa maelfu kando ya Ziwa Nakuru, ilhali tangu maji ya ziwa yalipoanza kupanda mnamo mwaka 2010, yakaufikia hata mlango mkuu wa zamani wa mbuga, wengi wao walihamia kwingine, Bogoria mathalani. Picha hazijapata habari.) Ndani ya kanisa, mahali panapokusanya watu wa eneo hili kila juma kuliko uwanja wowote wa michezo, sijapaona katika vibanda hivyo hata mara moja. Siwalaumu wauzaji. Mtalii hununua kile asichokuwa nacho kwao, na makanisa kwao yapo. Matokeo yake ni kwamba mle kanisani tumewaachia wapiga picha za harusi, ambao huwasha taa zao na kuifukuza hewa ya ndani kabla hawajabonyeza kidude.

Iko nchi iliyowahi kuwa na wachoraji waliofanya mle kuwa kazi yao. Katika karne ya 17, nchini Uholanzi, Pieter Saenredam (1597–1665) aliishi mjini Haarlem na kujishughulisha na makanisa kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Aliingia na vifaa vya kupimia na karatasi. Alipima nguzo, matao na madirisha, akachora kwa kalamu papo hapo, kisha akaenda zake nyumbani. Wakati mwingine ilipita miaka kumi au zaidi kabla hajaigeuza michoro hiyo kuwa picha ya rangi. Kuta zake ni nyeupe, au tuseme zinaonekana nyeupe, kwa sababu ukizitazama kwa muda utaona rangi ya majani makavu, ya waridi lililofifia, na ya kijivu cha alfajiri. Watu ni wachache na wadogo, kana kwamba wamewekwa humo ili tujue nguzo zilivyo ndefu.

Mwenzake Emanuel de Witte, aliyefariki mwaka 1692, hakujali vipimo kiasi hicho. Aliunganisha sehemu za makanisa mbalimbali na kulifanya kanisa moja lisilokuwepo mahali popote, akalijaza watu, watoto na mbwa, na katika baadhi ya picha akachora kaburi lililochimbwa sakafuni, mchimbaji akiwa bado kazini huku watu wakizungumza kando yake. Mwanga wa de Witte huanguka vipande vipande, hapa kwenye nguzo, pale kwenye bega la mtu. Kama ningelazimishwa kuchagua, ningemchukua de Witte, kwa kuwa kanisa lake lina kelele. Hata hivyo, ni Saenredam aliye na funzo kubwa zaidi kwetu.

Niliwaonyesha wenzangu bwenini nakala za picha za Saenredam kwenye simu, na karibu wote walitamka neno moja: amani. Hapo ndipo ninapotaka tusimame kidogo. Kuta zile hazikuzaliwa nyeupe. Kabla ya Matengenezo ya dini, makanisa yale yalikuwa na madhabahu nyingi, picha za rangi na sanamu za watakatifu. Mwaka 1566 makundi ya watu yalizunguka katika miji ya Uholanzi na Ubelgiji ya leo yakivunja sanamu makanisani. Haarlem iliponea mwaka ule. Lakini kuanzia mwishoni mwa mwaka 1572 mji huo ulizingirwa na jeshi la Uhispania kwa muda wa miezi saba, watu wakafa kwa njaa na kwa upanga, na mwaka 1578 askari wa upande wa pili wakalivamia Kanisa la Mtakatifu Bavo wakati wa ibada, likaporwa, kisha likawa mikononi mwa Waprotestanti. Baada ya hayo ndipo chokaa ilipopakwa. Weupe tunaouita amani ulikuwa jalada juu ya ukurasa uliochanwa.

Na Saenredam alilijua hilo. Mwaka 1630 alichora ndani ya Kanisa hilo la Bavo na kuweka humo kaburi la askofu ambalo halikuwepo. Mtu aliyepima kila nguzo aliona vyema kuongeza kitu kimoja kisichopimika. Wahakiki wanaweza kubishana kuhusu nia yake. Mimi natosheka na tendo lenyewe, kwamba mchoraji mwaminifu kuliko wote katika kazi hii hakuuona ukweli wa chumba kuwa umekwisha pale vipimo vilipokwisha.

Sasa turudi nyumbani, kwa njia ya barabara ile ile ya vibanda. Chini ya mteremko, kabla ya kufika Mai Mahiu, liko kanisa dogo lililojengwa mwaka 1942 na wafungwa wa kivita wa Kiitalia, waliotekwa katika vita vya pembe ya Afrika na kuletwa kuijenga barabara hiyo. Wakiingia watu kumi na wawili hivi, limejaa. Wasafiri husimama, hupiga picha nje, kisha huendelea na safari. Nyingi ya picha nilizoziona za kanisa hili ni za pa: ukuta wa mawe, paa, miti, na mteremko nyuma yake. Lakini ingia ukae dakika kumi. Hewa ya ndani ya kanisa lile haiko kimya. Ni mngurumo wa matrela yanayoshuka kwa gia ndogo, unaopita ukutani na kutetemesha benchi, ukichanganyika na baridi ya mawe. Waliolijenga hawakuwa na uhuru wa kurudi makwao, wakajenga chumba cha ukubwa ambao wangeweza kuumudu baada ya kazi ya kulazimishwa. Mchoraji akiyaondoa matrela ili apate utulivu, atakuwa amelichora kanisa jingine. Wataniuliza: ngurumo inachorwaje? Ndilo swali zuri hasa la kumpa mwanafunzi wa sanaa, na ni bora kuliko kumpa heroe.

Ng'ambo ya milima ya Nyandarua iko kazi nyingine ambayo kila mpenzi wa sanaa wa eneo hili anapaswa kuiona, hata kama si ya kaunti yetu. Mjini Murang'a, ulioitwa Fort Hall enzi za ukoloni, kuna Kanisa Kuu la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Elimo Njau, kijana kutoka Marangu, Kilimanjaro, aliyesomea uchoraji Makerere kwa Margaret Trowell, alichora humo picha tano kubwa ukutani, tangu kuzaliwa kwa Yesu hadi kusulubiwa. Watu wa picha zile ni Waafrika, na nchi wanayoikanyaga ni ya milima na mashamba ya kule kule. (Njau huyo huyo ndiye mmoja wa walioanzisha nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, jina ambalo peke yake ni zoezi la sarufi kwa wanafunzi wetu.) Ni kweli kwamba kumbukumbu ya kanisa lile ni ya upande mmoja wa vita vile, na jambo hilo halifai kufichwa. Lakini Njau alithibitisha kwamba waumini wa Kenya wanaweza kuketi kila Jumapili mbele ya ukuta unaobeba wafu wao wala ibada isivurugike.

Hata hivyo, alichokifanya Njau kilikuwa kuongeza picha mle ndani. Kinachokosekana ni mle ndani penyewe kuwa picha. Tofauti hiyo si ndogo.

Je, mchoraji angekuta nini katika kanisa la kawaida la eneo letu, la mbao na mabati, kuanzia Bahati hadi Elburgon? Kwanza angekuta mwanga wa aina yake. Mabati yakizeeka, misumari hulegea, na kila tundu huwa taa. Saa nne asubuhi miale myembamba hushuka kwa mshazari, na kwa kuwa Nakuru ni nchi ya vumbi, miale hiyo huonekana mwili mzima kutoka juu hadi sakafuni. Husemwa kwamba jina lenyewe la Nakuru latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Kama ni hivyo, basi tumepewa jina la kile hasa kinachomwezesha mchoraji kuuona mwanga, kwa sababu mwanga usiogusa kitu hauonekani. Mahali pengine fundi huweka shiti moja la plastiki ing'aayo kati ya mabati, na chini yake hutokea mraba wa mwanga wa rangi ya maziwa, ukisogea polepole kutoka kwenye viti vya akina mama hadi kwenye madhabahu kadiri mahubiri yanavyorefuka. Mbao za msonobari hugeuka rangi ya asali upande wa jua na ya jivu upande wa mvua.

Kisha angekuta vitu ambavyo Saenredam hakuvijua: spika mbili ndefu kuliko mhubiri, waya uliofungwa kwa utepe, viti vya plastiki vya rangi tatu kwa sababu vilinunuliwa kwa michango mitatu, vitambaa vya zambarau na dhahabu vilivyokunjwa kama mawimbi nyuma ya mimbari, na kauli ya mwaka iliyoandikwa ukutani kwa mkono wa mtu asiye na hakika ya nafasi za herufi. Wapo watakaosema vitu hivi vinaharibu picha. Mimi naona picha isiyo navyo ni ya kanisa ambalo halijawahi kufanyiwa harambee.

Na kwa mchoraji anayetaka mtihani mgumu zaidi, aombe ruhusa kwa Wakorino, ambao wako wengi katika kaunti hii. Viatu vimeachwa mlangoni, vilemba ni vyeupe, na ngoma zimewekwa tayari. Nyeupe juu ya nyeupe, na miguu mitupu juu ya sakafu. Saenredam angehamia Nakuru.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba suala ni la macho peke yake. Lakini mwishoni mwa mwaka 1991 na katika mwaka 1992, mapigano ya kikabila yalipoenea kutoka Tinderet hadi Molo, Olenguruone na Burnt Forest, watu waliofukuzwa mashambani walikimbilia makanisani. Askofu Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki, aliyeliongoza Jimbo Katoliki la Nakuru kuanzia mwaka 1971 hadi 1996, alikuwa miongoni mwa viongozi waliokemea hadharani yaliyokuwa yakitendeka. Mapema mwaka 1998 mapigano yakafika Njoro. Mwanzoni mwa mwaka 2008, Nakuru na Naivasha zikawaka, watu wa jamii mbalimbali wakauawa na majirani zao, na Uwanja wa Maonyesho ya Kilimo wa Nakuru ukageuka mji wa mahema. Wengine walilala makanisani kabla ya kupata hema. Kwa majuma kadhaa kanisa lilikuwa jiko, chumba cha kulala na zahanati, na Jumapili, mikeka ikikunjwa, likawa kanisa tena.

Nyanya mmoja wa upande wa Molo, ambaye jina lake nalihifadhi, huketi kila Jumapili benchi la tatu kutoka mbele, chini ya dirisha. Nilidhani ni kwa sababu ya masikio. Akanisahihisha kwa upole: "Mjukuu wangu, hapa ndipo tulipolala na watoto wangu watatu. Nikikaa kwingine, sisikii mahubiri." Hakusema zaidi, nami sikumsumbua. Mwanga unaoangukia benchi lile asubuhi ni mwanga wa kawaida, na kamera ya harusi ingelipiga benchi kama mabenchi mengine. Lakini yeye amelala ndani ya nyumba hiyo, na ila yake anaijua.

Kuna jambo zito zaidi, na halisemwi kwa wepesi. Tarehe 1 Januari 2008, huko Kiambaa karibu na Eldoret, watu waliokuwa wamekimbilia katika kanisa la Kenya Assemblies of God walichomewa humo. Wanawake na watoto wengi walikufa. Eldoret iko kaskazini mwetu, lakini hakuna mtu wa Bonde la Ufa, wa kabila lolote, anayeweza kuingia katika kanisa tupu la mbao na mabati na kuutazama mlango wake mmoja kama mtu wa Haarlem anavyoutazama mlango. Ndiyo maana nasema kwamba picha ya kanisa tupu, yenye mwanga mzuri na ukimya, haiwezi kuwa na maana ile ile hapa. Kule utupu uliweza kusomeka kama amani, ijapokuwa nao ulikuwa na siri yake. Kwetu utupu huuliza walikokwenda watu. Mchoraji ana haki ya kuuchora, mradi ajue anachokiuliza.

Najua nitapingwa. Wa kwanza kunipinga atakuwa ndugu mwaminifu atakayenikumbusha amri inayokataza sanamu ya kuchonga. Hapa Kiswahili kimetuchanganya kidogo, kwa kuwa neno "sanamu" limebeba kinyago, picha na hata kitu cha kuabudiwa katika mfuko mmoja. Lakini picha ya benchi, vumbi na spika haimwombi mtu ainame. Waholanzi wa karne ya 17, ambao makanisa yao yalikuwa yamekwisha kuondolewa sanamu, ndio hao hao walionunua picha za ndani ya makanisa na kuzitundika sebuleni, wala hawakuona kinyume chochote.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, na nimelisikia kwa watu ninaowaheshimu: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Watu wamerudi kuketi pamoja, wanasema, mbona mnataka kuwachorea moshi? Waama, sitaki moshi. Picha ya moto ni rahisi kuchora, magazeti yalikwisha kuichapisha, na ningesikitika kumwona kijana wa sanaa akijipatia sifa kwa miali ya rangi nyekundu. Ninachokitaka ni kidogo kuliko hicho. Nataka mikeka iliyokunjwa kwenye kona. Nataka alama nyeusi ya sufuria juu ya sakafu ya saruji, iliyokataa kutoka hata baada ya kupigwa deki. Nataka mtu mmoja aketi mahali pake. Kuganga yajayo kwa kupaka chokaa ndiyo njia waliyoifuata wenyeji wa Haarlem, na hata wao walihitaji mchoraji wa kurudisha kaburi. Isitoshe, watu wa pande zote mbili wamelala makanisani kwa nyakati tofauti, na picha ya mkeka haina kabila.

Pingamizi la tatu ni la soko: nani atanunua? Mtalii hatanunua, hilo tulikwisha kulikubali. Lakini kanisa lenyewe linaweza.

Na hapa nina pendekezo mahususi. Makanisa ya mbao yanabomolewa kila mwaka katika eneo letu na kujengwa upya kwa mawe ya kuchonga, yenye dari nyeupe za jasi na vigae vinavyong'aa. Siwalaumu waumini. Wamechanga kwa miaka mingi, nao wanastahili paa lisilovuja. Lakini dari ya jasi huziba kila tundu la msumari, na kigae hufuta kila alama ya sufuria, na kwa hiyo hewa ya ndani ya kanisa la zamani hupotea siku moja pasipo hata mtu mmoja kuichora. Kamati ya ujenzi humwajiri mchora ramani wa jengo jipya. Imwajiri pia mchoraji wa jengo la zamani, kwa mwezi mmoja, kabla nyundo haijagonga. Apime kama Saenredam. Akae na wazee na kuuliza nani aliketi wapi, mlango upi ulifunguliwa usiku, ni wapi maji yaliwekwa. Picha itakayopatikana itundikwe katika jengo jipya, kwenye ofisi ya mchungaji au kwenye ukumbi wa watoto wa Jumapili.

Wasije wakasema hatuna watu wa kuifanya kazi hiyo. Naivasha imemlea Sane Wadu, mwalimu wa zamani aliyeacha chaki na kujifunza kuchora mwenyewe katika miaka ya 1980, akajiita "Sane", yaani mwenye akili timamu, baada ya watu kumwona kuwa mwenda wazimu. Vijana wengi wamepita mikononi mwake na mwa mkewe Eunice. Katika mji wa Nakuru, uliopandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, wapo wachora mabango wenye mkono mzuri kuliko wanavyolipwa. Wasanii wapo. Ni agizo ambalo halijatoka.

Malipo ya mchoraji kwa mwezi mmoja hayafikii bei ya zile spika mbili. Kuhusu wakati, ningeshauri kazi ifanyike Januari na Februari, kabla ya mvua za masika, wakati vumbi likingali hewani na miale ya misumari ikionekana kuanzia batini hadi sakafuni.